Uzi wa pua: nilikaa miezi saba bila kusikia harufu, haya ndiyo niliyoyajua

Asumini wa Chake (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum, na habari zenu wana jukwaa.

Mwaka 2021 niliugua Korona. Homa ilikwisha kwa siku tano, kifua kikapona, nikarudi kazini. Kilichobaki ni kitu ambacho mwanzoni sikukitilia maanani: nilikuwa sisikii harufu. Si ya chai, si ya sabuni, si ya jalala la mtaani kwetu.

Niliyajua makali yake siku ya gesi. Nilikuwa jikoni naandaa chakula cha jioni, mwanangu wa darasa la tano akaja mbio ameziba pua: "Mama, gesi!" Mpira wa mtungi ulikuwa umelegea, jiko zima limejaa, nami nimesimama katikati yake na kiberiti mkononi. Tulifungua madirisha, nikaenda kukaa barazani, miguu inanitetemeka.

Baadaye nikajifunza kwamba gesi ya kupikia yenyewe haina harufu ya kumshtua mtu. Ule uvundo kama wa kabichi iliyooza huongezwa makusudi, ni kemikali za jamii ya merkaptani, kwa sababu pua ya binadamu huzinasa hata zikiwa kidogo mno hewani. Yaani usalama wa jiko umekabidhiwa pua ya anayepika. Pua hiyo ikizimika, mlinzi hayupo mlangoni.

Watu waliniambia "shukuru hukupofuka". Nashukuru sana. Lakini tangu wakati huo nimekuwa nikisoma kila ninachopata kuhusu pua, na naona tunakionea kiungo hiki. Acha niandike niliyoyaelewa, na wenye elimu zaidi waongeze.

Juu kabisa ndani ya pua, karibu na usawa wa macho, kuna kipande cha utando kila upande, kidogo kama stempu ya posta. Humo ndimo kazi ya kunusa inamofanyika. Mamilioni ya seli za neva zimechomoza vinyweleo kwenye ute. Chembe za harufu zikipanda na hewa huyeyuka kwanza katika ule ute, ndipo zinaposhikwa na vipokezi. Binadamu tuna aina 400 hivi za vipokezi. Harufu ya kahawa peke yake ni mchanganyiko wa kemikali mamia, na kila kemikali huamsha vipokezi kadhaa kwa mpigo, kama mpiga kodiani wa taarabu anavyobana vitufe vitatu vinne na wewe ukasikia sauti moja. Ndiyo maana kwa vipokezi hivyo vichache tunatofautisha harufu nyingi kiasi hiki. Waliogundua familia ya jeni za vipokezi hivi ni Linda Buck na Richard Axel wa Marekani, mwaka 1991, wakapewa Nobeli ya tiba mwaka 2004.

Na taarifa ya harufu ina njia yake. Tunayoyaona na tunayoyasikia hupita kwanza kituo cha katikati ya ubongo kiitwacho thalamasi. Harufu haianzii huko. Neva zake hupenya vitundu vya mfupa mwembamba ulio juu ya pua na kuingia moja kwa moja ubongoni, jirani na sehemu zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu. Ndiyo maana ukipita mlango wa watu wanaofukiza udi unajikuta uko kwenye harusi ya dada yako miaka ishirini iliyopita, hata kabla hujajua ni nini kimekukumbusha.

Mimi nina kanga za marehemu mama sandukuni, alizifukiza mwenyewe. Miezi ile nilikuwa nazifungua, naziweka usoni, hola. Kitambaa tu. Hilo liliniuma kuliko chakula.

Chakula nacho kina somo lake. Ulimi unajua mambo machache: utamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ule ukolezi wa supu ya nyama. Yote mengine unayoyaita "ladha" ni harufu inayopanda kutoka nyuma ya koo kwenda puani wakati unatafuna. Jaribuni leo: changanya sukari na unga wa mdalasini, bana pua, weka ulimini. Utapata sukari tupu. Achia pua, mdalasini huo unaingia. Kwa miezi saba pilau kwangu ilikuwa wali wenye chumvi na punje zinazokwaruza.

Pilipili niliisikia, na dawa ya kuchua yenye mentholi pia. Nikadhani napona, kumbe hizo hubebwa na neva nyingine kabisa, ile ya uso inayohisi maumivu, moto na baridi. Ndiyo hiyo inayokuliza ukikata kitunguu.

Nilichofanya hadi kupata nafuu nitakieleza chini, maana najua kuna wenzangu humu. Kwa sasa nawaachia jambo la lugha linalonifurahisha. Sisi harufu tuna*isikia*, kama sauti. Na tuna *kunuka* na *kunukia*, silabi moja tu inatenganisha soko la samaki na chumba cha biharusi. Halafu tuna shombo, vumba, kutuzi, uvundo, kila moja na mahali pake. Bibi yangu hakuwahi kusema "harufu mbaya". Alisema ni ipi.

---

Mtoto wa Kihonda

Dada pole sana, na ahsante kwa uzi huu. Ukitaja pua, sisi wa Morogoro tuna neno la kusema: panya buku.

Pale Chuo Kikuu cha Sokoine kuna shirika la APOPO. Lilianzishwa mwaka 1997 na Mbelgiji, Bart Weetjens, na tangu mwaka 2000 kazi yake kubwa ya mafunzo iko hapa kwetu. Wanawafundisha panya buku kunusa baruti ya TNT iliyomo ndani ya mabomu ya kutegwa ardhini. Panya huyu macho yake ni dhaifu, maisha yake yote anaendesha kwa pua, na hana uzito wa kutosha kulipua bomu akilikanyaga. Huzoeshwa watu tangu mdogo, kisha hufundishwa kwamba mlio wa "klik" maana yake kuna ndizi au karanga inakuja. Baada ya hapo ni subira ya mwalimu tu. Eneo la ukubwa wa kiwanja cha tenisi panya hulimaliza kwa nusu saa, wakati mtu mwenye kifaa cha kutambua chuma anaweza kuchukua hadi siku nne, kwa kuwa kifaa hupiga kelele kwa kila msumari na kila kizibo cha soda. Panya chuma hakimhusu.

Mashuhuri wao ni Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013 na kufanya kazi Kambodia. Alitambua mabomu na masalia ya silaha zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika la Uingereza liitwalo PDSA lilimpa nishani ya dhahabu ya ushujaa, na hakuna panya aliyewahi kuipata kabla yake. Alikufa Januari 2022 akiwa amestaafu.

Wenzake waliobaki nyumbani wananusa makohozi ya wanaopimwa kifua kikuu. Sampuli zikishauliwa vijidudu hupangwa chini ya vitundu, panya anapita juu, akikaza pua kwenye kitundu kwa sekunde kama tatu, maana yake "angalieni hii tena". Sampuli 100 kwa dakika 20. Hospitali ikiwa imesema huna, panya akasema unayo, maabara inarudia kwa njia ya uhakika zaidi. Kuna watu wameanza dawa kwa sababu hiyo.

Mimi nimekulia kijiji ambako panya buku ni wa kutegwa shambani. Siku hizi nikimwona nasimama kwanza.

---

Mdadisi wa Tabata

Uzi mzuri. Lakini ukweli tuuseme, pua ya binadamu si kitu mbele ya mbwa au huyo panya. Shuleni tulifundishwa tulipoanza kutembea wima pua ikapoteza kazi.

---

Asumini wa Chake

Mkuu, hata mimi nilifundishwa hivyo. Nilipofuatilia nikakuta chanzo chake ni daktari Mfaransa wa karne ya 19, Paul Broca, aliyeona sehemu ya ubongo inayoshughulikia harufu ni ndogo kwetu ukilinganisha na ubongo wote. Mwaka 2017 mwanasayansi John McGann alipitia ushahidi na kuonyesha kwamba ile sehemu kwa binadamu si ndogo hivyo, na kwamba kila mnyama ana harufu anazozimudu. Mbwa yuko mbele yetu kwa mengi, sikatai, lakini si kwamba sisi hatuna kitu.

Huko Chuo Kikuu cha Kalifonia, Berkeley, waliwahi kuwafunga vijana macho na kuziba masikio, wakawapigisha magoti nyasini wafuate mstari wa harufu ya chokoleti wa mita 10. Theluthi mbili waliufuata. Na walipofanya mazoezi siku chache, kasi yao iliongezeka. Hilo la mazoezi lishike, nitalirudia.

Na ile harufu ya mvua ya kwanza ikigonga vumbi: sehemu yake kubwa ni jeosmini, inayotengenezwa na bakteria wa udongoni. Pua ya binadamu huihisi hata ikiwa chembe chache katika chembe trilioni. Wataalamu wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, ndio walioipa harufu hiyo ya mvua jina la kisayansi mwaka 1964.

---

Jirani wa Amboseli

Salamu kutoka Kajiado. Huku mwenye pua ni ndovu. Watafiti wa Kijapani walihesabu jeni za harufu za ndovu wa Afrika mwaka 2014, wakapata karibu 2,000. Mara tano ya zetu, zaidi ya mara mbili ya mbwa.

Lakini jambo lililofanyika hapa Amboseli ndilo lililonigusa, matokeo yalitoka mwaka 2007. Walichukua nguo zilizovaliwa siku tano na mwanamume Mmaasai, nyingine zilizovaliwa na Mkamba, na nyingine safi ambazo hazijavaliwa. Wakaziweka mahali ndovu watakapozinusa. Waliponusa ya Mmaasai walikimbia mbali zaidi na wakachukua muda mrefu zaidi kutulia, mara nyingi hadi wafike penye nyasi ndefu za kujificha. Ya Mkamba haikuwatisha kiasi hicho. Sababu tunaijua sote: vijana wa Kimaasai huwapiga ndovu mikuki, Wakamba ni wakulima na hawana desturi hiyo. Yaani ndovu hasemi tu "kuna mtu". Anauliza mtu wa wapi.

Mimi ni Mmaasai, na nilipoisoma habari hiyo nilinyamaza muda mrefu.

---

Mama Pacha

Naomba nichangie kitu kidogo cha moyoni. Binti yangu shuleni wanamtania pua pana. Alirudi siku moja akaniuliza kama ipo dawa ya kuipunguza. Kuna anayejua kwa nini pua zinatofautiana? Nataka nimpe jibu lenye maana, si "wapuuze tu".

---

Nesi wa Zamu

Mama Pacha, mwambie hivi. Kazi ya kwanza ya pua ni kuandaa hewa: kuipasha joto, kuilowesha na kuichuja kabla haijafika mapafuni. Mwaka 2017 watafiti walipima pua za watu wenye asili ya Afrika Magharibi, Asia ya Kusini, Asia ya Mashariki na Ulaya Kaskazini. Upana wa matundu ulikwenda sambamba na hali ya hewa ya mababu: penye joto na unyevu matundu ni mapana, penye baridi na ukavu ni membamba, kwani hewa ya baridi inahitaji kuguswa zaidi na kuta za pua ndipo ipate joto. Bintiyo ana pua iliyotengenezwa kwa hewa ya kwao. Haina kasoro ya kutibiwa.

Nikiwa hapa, niseme mawili ya zamu. Mtoto akitokwa damu puani msimlaze wala kumwinua kichwa nyuma, damu itashuka kooni na kumtapisha. Mkalishe, ainame mbele kidogo, bana ile sehemu laini ya pua dakika kumi mfululizo bila kuchungulia, apumue kwa mdomo. Ikizidi nusu saa njooni hospitali. Na mtoto akiingiza harage puani msimmiminie maji, harage linavimba na kukwama. Nimeyatoa mengi usiku wa manane, na karibu kila mara mzazi alikuwa ameshamwaga maji.

---

Kijana wa Ifakara

Mbu naye ana lake. Mbu wa malaria, hasa *Anopheles gambiae*, hupenda kuuma miguuni na kwenye vifundo. Mholanzi Bart Knols aligundua kwamba wanafuata harufu ya bakteria wa miguu, na kwamba jibini ya Limburger, inayotengenezwa kwa bakteria wa ukoo huo huo, huwavuta pia. Hapa kwetu Ifakara, Fredros Okumu na wenzake walitengeneza mchanganyiko wa kemikali unaoiga harufu ya mtu. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2010 yalionyesha kwamba ukiwekwa kwenye kibanda chake peke yake, uliita mbu wengi kuliko mtu aliyelala kibanda cha pili. Wazo ni kumtegea mbu nje kabla hajafika kitandani.

---

Baba Rehema

Mimi mzee wangu hasikii harufu na hajawahi kuugua Korona. Ana miaka 68. Tunasema ni umri tu.

---

Asumini wa Chake

Shikamoo zangu zimfikie mzee. Umri huipunguza pua kweli, na mara nyingi ni hivyo tu, au vinyama vya puani, au mafua sugu. Ila mpelekeni akaonwe, kwani wakati mwingine harufu kupotea hutangulia maradhi ya ubongo kama Parkinson, miaka kadhaa kabla mikono haijaanza kutetemeka.

Kuna kisa cha bibi mmoja wa Uskoti, Joy Milne, ambaye alikuwa nesi. Mumewe alianza kunuka tofauti, harufu nzito ya mafuta mafuta, zaidi ya miaka kumi kabla ya kuambiwa ana Parkinson. Bibi huyo alipokwenda kwenye kikundi cha wagonjwa akaisikia harufu ile ile kwa wote. Chuo Kikuu cha Edinburgh kikamjaribu kwa fulana 12, sita za wagonjwa na sita za wazima. Alipatia zote isipokuwa moja ya mtu asiyeugua: bibi alisisitiza kwamba huyu naye ni mgonjwa. Miezi minane baadaye mwenye fulana ile aligundulika kuwa na Parkinson. Sasa wanakemia wa Manchester wanatafuta ndani ya mafuta ya ngozi kile alichokuwa anakisikia.

---

Usingizi Mwepesi

Swali dogo: kwa nini usiku pua moja inaziba, nikigeuka inaziba ya pili? Nimetumia dawa za matone hadi nimechoka.

---

Nesi wa Zamu

Hiyo ni kawaida ya mwili. Pua zetu hupokezana: nyama za upande mmoja hujaa damu na kuvimba, wa pili unafunguka, baada ya saa kadhaa zinabadilishana. Ukilala ubavu, tundu la chini huziba zaidi. Acha hayo matone, ndugu. Yale ya kufungua pua ukiyatumia zaidi ya siku chache huanza yenyewe kuziba pua, nawe unaongeza mengine.

---

Msafiri wa Mwanza

Dada Asumini, mimi ni mwezi wa tano sasa baada ya homa kali. Harufu zilirudi lakini zimeharibika. Kahawa inanuka kama plastiki inayoungua, vitunguu vikikaangwa natoka nje. Mke wangu anadhani najidekeza. Ulifanyaje?

---

Asumini wa Chake

Kaka, hujidekezi, mwonyeshe shemeji ujumbe huu. Hali hiyo inajulikana, na kahawa, vitunguu, saumu na nyama ya kuchoma ndivyo vinavyolalamikiwa zaidi. Virusi vya Korona hushambulia hasa seli zinazozihudumia zile neva za kunusa, siyo neva zenyewe. Neva hizo nazo, tofauti na nyingi mwilini, huzaliwa upya maisha yote. Zinapoota tena zinaweza kuanza kwa kupeleka taarifa zisizo kamili. Kwa wengi hiyo ni dalili kwamba kuna kinachoota.

Mimi nilifanya mazoezi ya kunusa. Yalijaribiwa Dresden, Ujerumani, na Thomas Hummel na wenzake, mwaka 2009: harufu nne, mara mbili kwa siku, wiki 12. Harufu zenyewe ni waridi, mkaratusi, limau na karafuu. Niliposoma orodha hiyo nilicheka peke yangu kwa furaha. Mjerumani ameandika kabati la bibi yangu! Marashi ya halwaridi yapo, limau lipo, mafuta ya mkaratusi duka la dawa, na karafuu nilitumiwa mfuko kutoka Pemba.

Kila kimoja nilikishika karibu na pua sekunde 20, navuta polepole, na akili naielekeza kwenye harufu ninayoikumbuka. Kwa karafuu nilikuwa najipeleka uwanjani kwa babu, majamvi yametandazwa, tunazigeuza juani. Wiki ya tano hakuna kitu. Wiki ya saba hakuna. Wiki ya tisa nilikuwa napita Feri, Dar es Salaam, ghafla nikasikia shombo. Nilisimama katikati ya watu na machozi. Mchuuzi akaniuliza, "Vipi shangazi, umeibiwa?" Karafuu ilikuja siku nne baadaye. Kanga za mama zilichelewa zaidi, na hadi leo sizisikii kama zamani, ila udi naupata kwa mbali.

Haimponyi kila mtu, na daktari wa masikio, pua na koo akutazame kwanza. Ila haina madhara na haina gharama. Kesho asubuhi kabla ya chai ponda karafuu tatu kwenye kikombe kikavu, uanze. Badilisha zikichakaa. Kahawa iache kando kwanza, na vitunguu shemeji avikaangie nje. Ukifika wiki ya nne andika hapa hapa, hata kama hujasikia kitu.